Mawazo ng'ang'anizi kuhusu hisia za mwili

Mawazo ng'ang'anizi kuhusu hisia za mwili ni hali ya kiakili ambamo mtu hunaswa na shughuli ya mwili wake ambayo kwa kawaida hufanyika yenyewe bila kufikiriwa, kama vile kupumua, kupepesa macho, kumeza mate au mapigo ya moyo. Pamoja na kuihisi shughuli hiyo muda wote, hushikwa na hofu kwamba hataweza tena kuisahau. Wataalamu huihesabu kuwa sura mojawapo ya ugonjwa wa mawazo ng'ang'anizi na vitendo vya lazima, unaojulikana duniani kwa kifupi cha OCD.

Hali hiyo hutibika. Hata hivyo wengi huchelewa kupona kutokana na makosa yanayofanana, ambayo karibu yote yana mzizi mmoja: mgonjwa hujiwekea lengo la kutoihisi tena ile hisia. Ili ajue kama amefikia lengo lake, inambidi achunguze kama bado anaihisi, na kule kuchunguza ndiko kunakoirudisha.

## Dalili

Shughuli za mwili zinazohusika zaidi ni:

- kupumua: mtu huona kana kwamba asipoisimamia pumzi yake itakatika, au kwamba haitakuwa na mwendo wake wa kawaida tena;
- kupepesa macho: huhesabu anavyopepesa, au hujiuliza kama anapepesa kupita kiasi;
- kumeza mate: huhisi mate yakijaa kinywani na kuogopa kwamba atameza vibaya au atasikika na walio karibu;
- mapigo ya moyo, hasa usiku anapolala kwa ubavu na kuyasikia sikioni;
- mahali ulimi ulipo kinywani, mguso wa nguo mwilini, au vivuli vidogo vinavyoelea machoni.

Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika, na hupepesa macho takriban mara 15 hadi 20 kwa dakika. Moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Kila mtu anaweza kuhisi shughuli hizo akizifikiria. Msomaji wa makala hii huenda ameanza kuihisi pumzi yake sasa hivi, na baada ya aya chache ataisahau. Tofauti ya mgonjwa si kwamba anahisi, bali ni maana anayoipa hisia hiyo: "Je, nikibaki hivi maisha yangu yote?"

Madhara yake yanaweza kuwa makubwa. Mwanafunzi husoma ukurasa mmoja mara nne bila kuelewa kitu kwa sababu nusu ya akili yake iko kwenye koo. Mwingine hukosa usingizi, huacha kula na wenzake, au hushindwa kukaa kwenye chumba cha mtihani kwa sababu ya ukimya wake. Kwa kuwa hakuna dalili inayoonekana kwa nje, wengi hukaa nayo kwa siri miaka mingi wakidhani ni wao peke yao waliowahi kupatwa nayo.

## Mzunguko wa tatizo

Upumuaji huongozwa na vituo vilivyo katika shina la ubongo, ambavyo hufanya kazi mchana na usiku, hata mtu akiwa usingizini. Pamoja na hayo, mtu anaweza kuuingilia kwa hiari yake, kwa mfano anapopiga mbizi au kuimba. Vivyo hivyo kwa kupepesa na kumeza. Kwa sababu shughuli hizo zina milango miwili, wa hiari na usio wa hiari, ni rahisi mtu kudhani kwamba akishaanza kuzisimamia hazitajiendesha tena. Dhana hiyo si sahihi: umakini ukihamia kwingine, au usingizi ukija, mwili huendelea kama kawaida.

Tatizo hujengeka kwa hatua. Kwanza mtu huitambua hisia, pengine wakati wa uchovu, ugonjwa au msongo wa mawazo. Pili huogopa kwamba haitaondoka. Tatu, hofu huifanya akili ione hisia ile kama hatari inayopaswa kulindwa. Nne, mtu hufanya jambo la kuiondoa au kuipima. Nafuu hupatikana kwa muda mfupi, lakini akili imejifunza kwamba jambo lile lilikuwa la hatari kweli, kwa hiyo huendelea kulilinda. Jambo analolifanya katika hatua ya nne ndilo linaloitwa kitendo cha lazima. Katika hali hii vitendo vingi vya lazima hufanyika kichwani tu, na ndiyo sababu mgonjwa na jamaa zake huweza kukaa muda mrefu bila kuvigundua.

## Utambuzi

Daktari huanza kwa kuuliza na, inapohitajika, kupima kama kuna sababu ya kimwili. Macho makavu huongeza kupepesa, kupanda kwa asidi ya tumbo huleta hisia kooni, pumu huathiri pumzi, na upungufu wa damu au matatizo ya tezi ya shingo huweza kubadili mapigo ya moyo. Uchunguzi wa namna hiyo ni wa lazima pale dalili ni mpya au zinaambatana na maumivu, kuzirai, homa au kupungua uzito.

Hali hii hutofautiana na hofu ya kuwa mgonjwa. Anayeogopa ugonjwa husema, "Moyo wangu unapiga hivi kwa sababu una kasoro." Mwenye mawazo ng'ang'anizi mara nyingi husema, "Najua moyo wangu ni mzima, lakini siwezi kuacha kuusikia." Watu wengine huwa na yote mawili.

OCD hutambuliwa pale mawazo na vitendo vinapochukua muda mwingi, kwa mfano zaidi ya saa 1 kwa siku, au vinapoleta dhiki kubwa au kuvuruga masomo, kazi na uhusiano na watu.

## Historia

Neno la Kiswahili "wasiwasi" limetokana na Kiarabu, na katika lugha hiyo limetumika tangu zamani kwa mawazo yanayomrudia mtu bila yeye kuyataka. Kwa Waislamu linatumika pia kwa shaka ya mtu anayerudia udhu au nia ya swala mara nyingi. Mwanazuoni Abu Zayd al-Balkhi (850-934) aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi, ambamo aliyaeleza mawazo ya namna hiyo mbali na huzuni, hasira na hofu.

Nchini Japani, daktari Shoma Morita (1874-1938) alieleza kwa usahihi mkubwa jinsi umakini na hisia vinavyolishana: mtu akiielekezea hisia fikira zake, hisia huwa kali zaidi, na ukali huo huvuta fikira zaidi. Tiba aliyoianzisha mnamo 1919 ilimfundisha mgonjwa kuziacha hisia zilivyo na kuendelea na kazi iliyo mbele yake.

Mwaka 1962 daktari Claire Weekes wa Australia alichapisha kitabu cha kujisaidia kwa watu wenye hofu ya neva, akiwashauri waikabili hofu, waikubali, waelee nayo na kuuacha muda upite. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Victor Meyer, aliyefanya kazi London, alieleza wagonjwa wawili waliopata nafuu baada ya kukabili walichokiogopa huku wakizuiwa kufanya vitendo vyao vya lazima. Kutokana na kazi hiyo ilikua tiba inayotumika zaidi leo.

Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake nchini Marekani walichapisha jaribio ambamo washiriki waliombwa wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na wapige kengele kila atakapowajia akilini. Hawakuweza kumzuia. Waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, walimfikiria zaidi kuliko wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Jaribio hilo linasaidia kueleza kwa nini amri ya "usiifikirie pumzi yako" haifanyi kazi.

## Matibabu

Tiba kuu ya kisaikolojia ni ya kukabili hofu na kuzuia mwitikio. Mgonjwa hujiweka kwa makusudi katika hali inayomkumbusha hisia ile, kisha hujizuia kufanya chochote cha kuiondoa, kuipima au kujihakikishia. Anayesumbuliwa na kupepesa, kwa mfano, anaweza kuandika "macho yangu yanapepesa" kwenye karatasi na kuibandika mezani anaposoma. Kila anapoiona huiruhusu hisia iwepo, hujibu hofu yake kwa neno kama "huenda nitaihisi siku nzima, na iwe hivyo," halafu huendelea kusoma. Lengo si kutulia papo hapo. Lengo ni akili ijifunze kwa vitendo kwamba hisia ile inaweza kuwepo bila kufanyiwa chochote.

Tiba ya kukubali na kutenda hufuata njia iliyo karibu na hiyo: mgonjwa hujifunza kuipa hisia nafasi huku akifanya mambo anayoyathamini.

Dawa zinazotumika zaidi ni za kundi linaloongeza kazi ya serotonini kwenye ubongo, kama fluoksetini na setralini, pamoja na dawa ya zamani zaidi, klomipramini, ambayo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kwa OCD dawa hizo mara nyingi huhitaji wiki 8 hadi 12 kabla ya matokeo yake kupimika. Daktari ndiye anayepanga kiasi chake na namna ya kuziacha.

## Makosa ya kawaida wakati wa kupona

### Kupima kupona kwa kutohisi

Hili ndilo kosa mama. Mgonjwa huamka na jambo la kwanza analojiuliza ni, "Leo ipo?" Swali lenyewe huipeleka akili kooni au kifuani, na jibu huwa ndiyo daima. Hapo huhitimisha kwamba tiba imeshindwa, kumbe amefanya kitendo cha lazima. Kipimo kinachofaa zaidi ni kile alichokifanya siku hiyo: alisoma kurasa ngapi, alikaa na nani, alikwenda wapi hisia ikiwepo.

### Kukubali kwa masharti

Baada ya kusoma kwamba "kukubali" husaidia, mgonjwa husema, "Nimekubali," kisha husubiri hisia iondoke. Isipoondoka hukasirika. Huko si kukubali, bali ni kununua: anatoa ukubali ili alipwe ukimya. Kukubali kwa kweli hakuna tarehe ya mwisho.

### Kuisimamia shughuli yenyewe

Wengi hujaribu kupumua "ipasavyo," kumeza kwa zamu au kupepesa kwa mpangilio. Kupumua kwa nguvu na haraka kupita mahitaji hupunguza kaboni dioksidi mwilini na kuleta kizunguzungu, ganzi ya vidole na kifua kubana, dalili zinazozidisha hofu. Hata mazoezi ya kupumua polepole, yenye manufaa kwa watu wengine, huweza kuwa kitendo cha lazima kwa mtu ambaye tatizo lake ni kuisimamia pumzi. Pumzi ikihisiwa, na ihisiwe; haina haja ya kusahihishwa.

### Kujishughulisha ili kukimbia

Kufanya kazi, kucheza mpira au kuzungumza na marafiki ni sehemu ya kupona. Lakini mtu akicheza mpira huku akijiuliza kama tayari amesahau, mpira umekuwa dawa ya kupima. Kwa nje matendo hayo yanafanana. Kinachotofautiana ni nia. Jambo lifanywe kwa sababu lina thamani kwake, na hisia iachwe ije au isije.

### Kukwepa ukimya na mahali fulani

Kulala redio ikiwa wazi, kuacha kwenda maktaba, kutoroka ibada yenye utulivu au kuacha kula mbele za watu hupunguza dhiki kwa muda, lakini huifundisha akili kwamba mahali pale ni pa hatari. Ni afadhali kurudi hatua kwa hatua, kuanzia penye ugumu mdogo.

Mfano unaohusu Waislamu ni mwezi wa Ramadhani. Aliyefunga huweza kuyahisi mate yake kuliko siku nyingine, akaanza kuyatema kila mara kwa kuogopa kuharibu saumu. Wanazuoni husema kwamba kumeza mate ya kawaida ya kinywani hakubatilishi saumu. Hata hivyo, kuuliza jambo hilo mara moja ni kujifunza, na kuliuliza kila siku ni kutafuta uhakikisho.

### Kutafuta uhakikisho bila kikomo

Mgonjwa huwauliza jamaa, "Na wewe unasikia moyo wako?" Hurudia vipimo vilivyokwisha kutoa jibu, au husoma visa vya waliopona hadi usiku wa manane. Kila jibu hudumu kwa muda mfupi, kisha shaka huzaa swali jipya: "Lakini yule hakuwa na hali kama yangu." Uchunguzi mmoja wa kitabibu uliofanywa vizuri unatosha, isipokuwa dalili mpya ijitokeze. Makala kama hii nayo huweza kuwa kitendo cha lazima ikisomwa kila siku.

### Kutumia mbinu za tiba kama silaha

Zoezi la kukabili hofu likifanywa kwa swali la "imeshapungua?" hugeuka kuwa zoezi la kupima. Tafakuri ya kuupitia mwili kiungo kwa kiungo nayo huweza kusaidia, ikiwa mtu anaangalia bila kudai mabadiliko, lakini humchosha anayeitumia kuhakikisha kwamba hisia imepoa. Mbinu yoyote inayotumiwa kuifukuza hisia hurejea kwenye mzunguko uleule.

### Kusubiri kupona ndipo kuishi

"Nikipona nitarudi chuoni." "Ikiisha nitaoa." Kauli hizo huonekana za busara, lakini huweka mpangilio kinyume. Kwa kawaida akili huipa hisia uzito mdogo baada ya mtu kurudia maisha yake nayo, si kabla. Aliyeahirisha kila kitu hubaki na kazi moja tu, nayo ni kujisikiliza.

### Kuona kurudi kwa dalili ni kushindwa

Baada ya wiki nzuri, hisia huweza kurudi kwa nguvu, hasa wakati wa mitihani, msiba, uchovu au kukosa usingizi. Mgonjwa huogopa kwamba amerudi mwanzo na kuanza upya kupima na kuuliza. Kurudi huko ni kwa kawaida katika OCD, na hakufuti alichojifunza. Kinachoamua urefu wa kipindi hicho zaidi ni jinsi anavyokijibu.

### Kuacha dawa mapema

Wengine huacha dawa baada ya wiki mbili kwa kuona haifanyi kazi, na wengine huiacha ghafla wanapopata nafuu. Wa kwanza hawajaipa muda, na wa pili huweza kupata kizunguzungu, kukosa usingizi na kurudiwa na dalili. Mabadiliko yote yafanywe pamoja na daktari.

## Nafasi ya familia

Kauli za "acha kuwaza" au "unajitakia mwenyewe" humwongezea mgonjwa aibu, na humwagiza afanye jambo lilelile lisilowezekana. Kwa upande mwingine, kumjibu kila anapouliza hulisha ugonjwa. Njia ya katikati ni kukiri dhiki yake bila kumpa uhakikisho, kwa mfano: "Naona linakusumbua. Hilo swali tulikubaliana tusilijibu. Twende tukapike." Makubaliano ya namna hiyo yafanywe mapema, mgonjwa akiwa ametulia.

Mwenye dhiki kali, anayeshindwa kula au kulala, au mwenye mawazo ya kujiua anahitaji msaada wa haraka katika kituo cha afya kilicho karibu. Katika Afrika Mashariki huduma za magonjwa ya akili zinapatikana pia katika hospitali kama Muhimbili jijini Dar es Salaam, Mirembe mjini Dodoma, Mathari jijini Nairobi na Butabika jijini Kampala.

## Dalili za kupona

Kupona hakuji kwa siku moja ambayo hisia huzimika. Kwanza hofu hupungua ilhali hisia ingalipo. Kisha mtu huihisi na kuendelea na mazungumzo bila kuyakatisha. Baadaye hugundua kwamba saa kadhaa zimepita bila yeye kuikumbuka, na kwamba kule kugundua hakumshtui tena. Hata aliyepona kabisa huisikia pumzi yake mara kwa mara, kama kila mtu anavyoisikia. Kilichokwisha ni ile haja ya kuifanyia jambo.

## Tazama pia

- Afya ya akili
- Saikolojia
- Mfumo wa neva
- Upumuo
- Wasiwasi